"Robo" si "robbery" kila mara

Hukumu yangu ya kwanza kutafsiri kutoka Kihispania ilimhusu kijana aliyevunja kioo cha gari usiku na kung'oa redio. Kosa limeandikwa "robo", nami nikaweka "robbery", yaani uporaji wa mabavu au vitisho kwa Kiingereza, bila kufikiri. Wakili aliyesoma Kiingereza changu akaniuliza swali moja tu: ni nani aliyepigwa au kutishwa? Hakuna. Gari lilikuwa tupu.

Tangu siku hiyo sianzi na kamusi, naanza na namba ya kifungu. Katika Kanuni ya Adhabu ya Uhispania ya 1995, kifungu cha 234 ni "hurto": kuchukua mali ya mtu bila ridhaa yake, pasipo kuvunja wala kutisha. Andika "theft", wizi wa kawaida, endelea.

Kazi iko kwenye kifungu cha 237, maana "robo" ina sura mbili. Ya kwanza ni "con violencia o intimidación", mabavu au vitisho dhidi ya mtu. Adhabu yake ya kawaida ni kifungo cha miaka 2 hadi 5, kwa kifungu cha 242. Hiyo ndiyo "robbery". Ya pili ni "con fuerza en las cosas", yaani nguvu zimetumika kwenye vitu: mlango umevunjwa, ukuta umeparamiwa, king'ora kimezimwa. Hapa wengi hukimbilia "burglary". Usiharakishe. Kwa sheria ya wizi ya Uingereza ya 1968, "burglary" inataka mtu awe ameingia kwenye jengo bila haki, na gari si jengo. Mimi huandika "theft involving force against property", kisha naacha maneno ya Kihispania kwenye mabano, msomaji ajue kuna jambo.

Humo humo kuna mtego ninaoupenda: "llaves falsas". Ukiandika "false keys" tu, msomaji atafikiria ufunguo wa kughushi. Kumbe kifungu cha 239 kinahesabu hata ufunguo halali uliopotezwa na mwenyewe au ulioibwa, pamoja na kadi za sumaku. Hapo naweka tanbihi, hata mteja akinung'unika kwamba zimezidi.

Halafu uliza hati imetoka nchi gani. Kanuni ya shirikisho ya Meksiko inaita "robo" hata wizi mkavu usio na ngumi. Kolombia ni kinyume: "hurto calificado", wizi wenye uzito zaidi, huweza kuwa mtu kaporwa kwa kisu, na "theft" tupu itakuwa imeficha kisu hicho. "Asalto" nayo, kwenye maelezo ya polisi wa Meksiko, mara nyingi ni uporaji, si "assault", yaani kumshambulia mtu.

"Atraco" ni neno la mtaani na la magazeti kwa uporaji. Shahidi akilitamka, mwachie "hold-up" yake. Usimvalishe joho la hakimu.