SOMO: Jinsi ya kupata huduma za afya na ustawi huku Nyanda za Juu Kusini, anzia mtaani kwako

Habari zenu wadau, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Tukuyu na Kyela. Naandika hili kwa uchungu kabisa maana naona watu wanakaa na mgonjwa ndani mpaka anazidiwa kisa hela hamna, wengine wanakimbilia moja kwa moja Hospitali ya Kanda pale Mbeya kwa shida ambayo ingeishia zahanati. Msaada upo ila una njia yake na njia yenyewe inaanzia chini.

HATUA YA 1. Mjue mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa au kijiji chako. Ndo anayepita nyumba kwa nyumba, anajua nani mjamzito, nani anakohoa wiki 2 haponi, nani kaacha dawa. Kama humjui muulize balozi au mwenyekiti. Humlipi chochote, na akiona tatizo anakuelekeza zahanati.

HATUA YA 2. Fuata ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ndo kanda. Mwenye bima akiruka ngazi bila fomu ya rufaa anaweza akajikuta analipa mwenyewe. Dharura haina ngazi, we kimbiza mgonjwa pa karibu.

HATUA YA 3. Hapa ndo naomba msome taratibu. Kama hamna uwezo kweli, nenda kwa mtendaji wa mtaa au kijiji akuandikie barua ya utambulisho inayosema hali ya kaya, alafu ukifika hospitali tafuta ofisi ya ustawi wa jamii KABLA bili haijapanda, usisubiri siku ya kuruhusiwa ndo uanze kulia dirishani. Afisa ustawi ndo anakuhoji na kushughulikia msamaha, we mweleze ukweli wote, nani anawasaidia, mnalima nini, watoto wangapi, kama mko TASAF (mfuko wa serikali wa kaya maskini) mwambie pia. Sio aibu jamani, ile ofisi iliwekwa kwa ajili hiyo. Na mjue kwa sera ya afya ya 2007 wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wanatibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. TB nayo dawa ni bure, VVU bure kupima na bure dawa. Hili la VVU kwetu lina uzito wake, utafiti wa 2022/23 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima wenye VVU, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4, kwaiyo kupima kwetu sisi ni jambo la kila nyumba.

HATUA YA 4. Namba za bure, ziandikeni hata ukutani. 199 ni Wizara ya Afya, unauliza chochote. 115 ni ya mjamzito, aliyejifungua na kichanga wakipata dharura, na gari la wagonjwa likiwa mbali wanatuma dereva wa huko huko aliyesajiliwa, familia hailipi nauli. 116 ni ya watoto.

MASWALI YENU

Swali (Mbalizi): Bibi yangu ana 74, kila akienda anaambiwa alipie kadi. Tunafanyaje?
Jibu: Pole sana kwa bibi. Anahitaji kitambulisho cha matibabu cha wazee. Anzeni kwa mtendaji, mpeleke picha yake na kitambulisho chochote kinachoonyesha umri, yeye anapeleka jina halmashauri ustawi wa jamii. Wakati mnasubiri akiugua, nendeni na barua ya mtendaji na muulizie dirisha la wazee.

Swali (Makambako): Natumia dawa za CTC (kliniki ya VVU), msimu wa mpunga naenda Mbarali kama miezi miwili, dawa zikiisha huko?
Jibu: Waambie kituoni kwako kabla hujapanda gari. Kama hali yako iko vizuri wanaweza kukupa za miezi kadhaa au wakuandikie uhamisho. Zikikuishia huko huko, nenda CTC yoyote na kadi yako, usikae hata siku moja bila dawa kwa kuogopa kufokewa.

Swali (Kilolo): Mtoto wa jirani anapigwa vibaya sana, nikisema si nitaonekana mchochezi?
Jibu: Piga 116, ni bure, na wakikuuliza jina waeleze kabisa kwamba hutaki litajwe. Unaweza pia kumwona afisa ustawi au dawati la jinsia na watoto polisi. Akiwa ameumia apelekwe hospitali kwanza, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) ifuate. Na kama kuna ubakaji msisubiri vikao vya ukoo, dawa ya kuzuia VVU lazima ianze ndani ya saa 72 na kadri inavyowahi ndo inafanya kazi vizuri. Nenda leo dada, huyo mtoto hana mtu mwingine wa kumsemea.