Kuunda Lancia Delta ya Safari kwa plastiki ya friji bovu, skeli ya 1/24

Modeli za gari za kununua kwenye boksi hapa Malindi ni shida kupata, na ukiagiza nje utalipia gari, utalipia usafiri, utalipia ushuru, mpaka ujiulize kama si bora ungenunua baiskeli. Sasa nataka nieleze vile unaeza kuunda gari la mbio mwenyewe kuanzia shiti tupu ya plastiki, bila boksi na bila karatasi ya maelekezo, na vitu karibu vyote vyapatikana mjini humuhumu. Si kazi ya jioni moja lakini pia si uchawi, yataka rula, kisu kikali na subira.

Kwanza chagua gari kwa akili. Watu wakisikia Safari Rally, yale mashindano ya magari ya hapa Kenya, wanakimbilia Datsun 240Z, ile iliyoshinda 1971 na Edgar Herrmann na tena 1973 na Shekhar Mehta, na ni gari ya kupendeza wallahi, lakini ile boneti na yale mabega ni mviringo juu ya mviringo, na plastiki ya shiti haikubali kupindwa pande mbili kwa wakati mmoja. Wewe wataka gari iliyochorwa kwa rula. Mie nasema Lancia Delta Integrale, gari ya Kiitaliano, ubavu wake ni bapa, paa karibu bapa, kioo cha mbele karibu bapa, kazi ngumu iko kwenye matao ya magurudumu peke yake. Na si mgeni kwetu, ilishinda Safari 1988 na 1989 na Miki Biasion, alafu 1991 na Juha Kankkunen. Kwa Malindi ina faida nyingine, iweke pale barazani na mistari yake ya Martini, wale wa vinywaji walioidhamini, uone kama kuna mzee wa Kiitaliano atakaepita bila kusimama.

Sasa plastiki, na hapa utulie manake ukikosea hapa mbele yote ni hasara. Tunayotaka inaitwa polistareni. Chini ya vyombo vya plastiki kuna kipembetatu na namba ndani, wewe watafuta namba 6. Namba 5, yale makopo ya aiskrimu na vyombo vya chakula, hio haishiki gundi yoyote, utagundisha leo kesho imeachia. Namba 1 ni chupa za soda na maji, iweke kando tutaitumia kwa vioo. Vikombe vya yogati vingine ni namba 6 vingine 5, geuza usome. Makasha ya sidii za zamani pia ni polistareni, ila ngumu na yapasuka ovyo ukiyakata.

Lakini hazina yenyewe ni friji bovu. Ile plastiki nyeupe ya ndani ya friji mara nyingi ni polistareni ile ngumu isiyopasuka kirahisi, na unapata kipande kikubwa mara moja. Enda kwa fundi wa friji au kwa watu wa skrepa, hoteli zetu hizi hazikosi friji za kutupa, omba ule ubao wa ndani wa mlangoni. Nasema wa mlangoni makusudi, kule hakupiti mipira ya gesi, usianze kukata ukuta wa nyuma wa friji usioujua. Oshea sabuni mafuta yote yaishe, kata sehemu zilizo bapa. Unene wake hauko sawa kila mahali kwa hivo pima na uandike kwa penseli juu ya kila kipande, ile ya milimita moja na nusu itakua sakafu, ya moja kuta, nyembamba zaidi vitu vidogovidogo. Ukiwa na pesa agiza shiti za Evergreen, kampuni ya plastiki za modeli, hizo unene wake ni wa uhakika na nusu milimita ipo, ukiwa huna pesa, friji itakutosha.

Gundi: thina ya rangi ya gari, ile ya hadwea, au asetoni ya kutolea rangi ya kucha ikiwa ni asetoni kweli na si ile ya mafuta mafuta. Hizi hazigandishi, zinayeyusha plastiki kidogo pande zote mbili zikaungana zikawa kitu kimoja. Jaribu hivi, tia tone kwenye kipande cha kutupa, hesabu mpaka kumi, gusa na ncha ya kisu. Ikinata kama peremende iliyonyonywa hapo uko sawa. Ikibaki kavu, ama plastiki si yenyewe ama thina si yenyewe. Kisha chovya brashi ndogo, shika vipande vyako viwili vikiwa vimegusana tayari, gusa ufa na ncha ya brashi, utaona maji yanakimbia yenyewe ndani ya ufa mpaka mwisho, shikilia kidogo, basi. Usipake kwanza ndio ushikanishe, utachafua kila kitu. Fanya kazi hii dirisha likiwa wazi na jiko mbali, thina haina masihara na moto.

Kisu usihangaike, duka la dawa waulize wembe wa upasuaji namba 11 na mshikio wake namba 3. Plastiki haikatwi ikaisha, inachorwa. Weka rula ya chuma, pitisha kisu taratibu mara mbili tatu bila kukandamiza, kisha vunja kwa mikono, itafuata mstari tak. Anaekandamiza ndie kisu kitamteleza kije kwenye kidole.

Vipimo. Kila kitu cha gari halisi gawanya kwa 24. Integrale ya 1988 umbali wa eksili hadi eksili ni kama 2480, kwa hivo wewe wako ni milimita 103. Urefu 3900 unakua 162, upana 1700 unakua 71, urefu wa kwenda juu 1380 unakua 57 na ushee. Tafuta mchoro wa ubavuni kwenye intaneti, mchoro si picha, picha iliyopigwa karibu inadanganya, pua inakua kubwa na mkia mdogo. Enda saiba wakuprintie, pima kati ya eksili kwa rula. Ikitoka 88 na wewe wataka 103, gawa 103 kwa 88, ni 1.17, waambie waongeze iwe asilimia 117. Pima tena kabla ya kulipa.

Bandika mchoro juu ya kadibodi ngumu, kata, hio ndio patani yako. Sasa sikiza, pande mbili za gari, kushoto na kulia, lazima zikatwe pamoja. Chukua vipande viwili vya milimita moja, vishike kwa matone madogo ya thina kwenye pembe zitakazotupwa, chora patani, kata, piga msasa vyote pamoja kama kitu kimoja, toboa matao ya magurudumu pamoja, ndio uachanishe. Gari ambayo ubavu mmoja umezidi hata milimita moja, jicho litajua tu, utapaka rangi nzuri vipi na bado mtu atasema ina kasoro mahali ila hajui wapi. Saa utakazopoteza hapa ndio gari yenyewe, yale mengine ni mapambo.

Angalia pia Delta kutoka mbele, chini ya madirisha ubavu umesimama wima lakini kuanzia mstari wa dirisha kwenda juu unalala ndani kidogo. Kwa hivo chora mstari ule upande wa nje kwa kisu, nusu ya unene, pinda juu kuelekea ndani mpaka ufa ufunguke kidogo, usivunjike, utie thina ugande. Ndani weka kuta nne za kushikilia, moja mbele ya injini, moja kwenye dashibodi, moja nyuma ya viti, moja nyuma kabisa, na hizo kuta ndio zinaamua ubavu ulale kiasi gani, kwa hivo zipime kutoka kwenye mchoro wa mbele. Kumbuka lile boksi ulifanye upana wa 67 na nusu hivi, manake Delta ya kawaida ni 1620, ule upana mwingine mpaka 1700 ni uvimbe wa matao. Na usifunge mahali popote pakawa hapana hewa, toboa tundu kwenye kila chumba, mvuke wa thina ukibaki ndani utalainisha plastiki polepole na baada ya wiki kuta zinaanza kubonyea.

Paa lina mgongo mdogo sana. Funga shiti kwa masking tepu juu ya chupa pana au kopo, mwagia maji yanayochemka, kisha ya baridi. Sie huku pwani tuna bahati, maji yanachemka kwa nyuzi 100 kamili na polistareni inaanza kulegea hapohapo karibu, huko Nairobi kwenye muinuko maji yanachemka kabla hayajafika huko. Ukiona halishiki, gundisha shiti mbili nyembamba moja juu ya nyingine zikiwa zimefungwa kwenye chupa, zilale hivohivo mpaka asubuhi, hazitanyooka tena.

Matao sasa. Kata ukanda mwembamba wa milimita moja, uzungushe kwenye ukingo wa tundu la gurudumu ukitokeza nje milimita moja na nusu hivi, gundisha. Nyuma yake kati ya ukanda na ubavu jaza filla ya gari, ile wanayotumia mafundi wa bodi, changanya kidogokidogo na hadena chache, ile dawa yake ya kuigandisha, joto letu hili inakauka kabla hujageuka. Kwaruza plastiki kwanza kwa msasa ndio filla ishike. Kisha msasa 240, halafu 400 na maji, mpaka tao litoke kama limevimba lenyewe. Kata kadibodi ndogo yenye umbo la tao likitazamwa kutoka juu, ipitishe tao la kushoto, igeuze ipitishe la kulia, palipo na mwanga chini yake pamepungua. Usiamini macho peke yake hapa. Nyufa ndogo ziba na plastiki iliyoyeyushwa kwenye thina mpaka ikawa nzito, inakauka polepole lakini ni plastiki ileile, haitengani.

Magurudumu: rimu za inchi 15 ni milimita 16 kwenye skeli hii. Gundisha duara za plastiki mpaka upate unene, pitisha msumari katikati, funga kwenye drili izunguke huku umeshika msasa. Tairi ni ndara iliyochoka, na ufuoni kwetu hazikosi, kata duara, zungusha kwenye drili vilevile. Eksili ni spoku ya baiskeli, ile ya kawaida ina milimita mbili. Ndani ya gari sitakuchosha, viti viwili, mikanda ya utepe, vyuma vya kukinga gari ikipinduka kwa vijiti vya plastiki, paka nyeusi, ukishafunga paa haonekani mtu.

Rangi usipige wakati wa masika, unyevu ukiwa mwingi rangi ya sprei inaweka ukungu mweupe juu. Kusi nalo linaleta vumbi, kwa hivo pigia ndani ya katoni, asubuhi iliyo kavu. Praima ya kijivu nyembamba, makosa yote yatajitokeza, rudi kwenye msasa, ndio nyeupe. Kila koti liwe la kupuliza tu, ukimwagilia, thina iliyo ndani ya sprei italamba plastiki. Mistari ya buluu na nyekundu na maandishi yaprinti saiba kwenye stika isiyo na rangi, ile inayoonesha kilicho chini yake, printa haitoi nyeupe lakini gari yenyewe ni nyeupe kwa hivo imejitatulia. Alafu vanishi. Vioo, vya chupa ya maji, viingie baada ya vanishi na ushike kwa gundi nyeupe ya mbao, supa glu inaacha moshi mweupe kwenye kioo hautoki. Taa za ziada za mbele zitoe kwenye pakiti ya vidonge vidogo, kile kivimbe chenyewe, nyuma yake karatasi ya fedha ya ileile pakiti.

Gari ya Safari ikiwa safi ni kama haijatoka dukani kwa muuzaji. Chukua mchanga mwekundu wa Marafa, upepete kwenye kitambaa chepesi ubaki unga tupu, nyunyiza nyuma ya magurudumu, chini ya milango na mkiani, kisha vanishi ya mati, ile isiyong'aa, kwa mbali ushike. Kioo cha mbele kwanza bandika masking tepu iliyokatwa umbo la pale waipa zinapofagia, nyunyiza, bandua.