Fundi mkongwe akiondoka, usalama wa karakana usiondoke nae

Karakana nyingi za mbao mambo ya usalama yako kichwani kwa watu wawili watatu tu, fundi mkongwe ndo anajua mashine ipi inarusha ubao na mbao gani vumbi lake linabana kifua, siku akihama kijana mpya anajifunza kwa vidole vyake. Hii inaniuma sana maana inazuilika.

Anza na daftari, likae karibu na mashine sio ofisini kwa bosi. Ajali andika, ila zaidi andika zile za "ilibaki kidogo tu": mashine gani, kazi gani, mbao gani, mkafanya nini baada ya hapo. Jina la aliyekosea USIANDIKE. Ukimkata mtu mshahara kwa sababu ya daftari basi limekufa, hakuna atakaesema kitu tena, na hapa mabosi wengi ndo wanaharibu.

Mkongwe asiyependa kuandika mrekodi kwa simu akiwa kwenye msumeno wa meza, aeleze ubao uliopinda anauanzaje, kile kibati nyuma ya blade kwanini kisitolewe (kinazuia mpasuko usiibane blade ikarudisha ubao kwa nguvu), kijiti cha kusukumia anakishika saa ngapi. Halafu yale makubwa yaandike kwa maka pen ubandike kwenye mashine yenyewe.

Maumivu nayo yaingie kwenye daftari. Waulize jioni nani mgongo unamuuma na alikuwa meza gani, mtaona meza ileile inajirudia. Meza ya kupigia randa ya mkono iwe chini ya kiwiko kama sentimita 15 au zaidi, maana pale mtu anasukuma na mwili, kwa mfupi weka ubao wa kusimamia.

Vumbi pia, mvule unawawasha na kuwabana kifua baadhi ya watu, na wataalamu wa saratani wa WHO wameshaweka vumbi la mbao kwenye visababishi vya saratani, kwahiyo andika nani anakohoa akipasua nini na katazeni watu wote kupuliza vumbi la nguo kwa kompresa.

Jumatatu kabla ya kuwasha mashine someni ya wiki nzima, chagueni moja mrekebishe, Jumatatu inayofuata mnaanza na hiyo kama imefanyika. Kenya ukiwa na wafanyakazi 20 au zaidi sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka kamati ya usalama, daftari liende huko. Na anaestaafu, wiki zake za mwisho asipewe oda, apewe kijana.