Kumfundisha mkunga mwanafunzi kumpumulisha mtoto mchanga, hatua kwa hatua

Wengi wetu tunaosimamia wanafunzi katika wodi za wazazi hapa Uganda hatukuwahi kufundishwa kufundisha. Umemaliza masomo, Baraza la Wauguzi na Wakunga limekusajili, umepangiwa Kituo cha Afya Daraja la Tatu, na asubuhi moja wanafunzi wanne wanashuka mlangoni na barua inayosema wewe ndiye msimamizi wao. Mimi nilianza hivyo, Isingiro, karibu na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Nilifundisha kama nilivyofundishwa: naongea, wao wanaandika. Kisha usiku mmoja mwanafunzi aliyekuwa akinijibu kila swali aliigeuza juu chini barakoa ya kumpulizia hewa mtoto aliyezaliwa kimya. Mtoto alipona, maana mkunga wa zamu alikuwa karibu. Lakini kosa lilikuwa langu. Majibu yake niliyajua, mikono yake sikuwahi kuiona.

Tangu siku hiyo nafuata hatua nne alizozieleza daktari wa upasuaji Rodney Peyton mwaka 1998. Zinafaa kwa kazi yoyote ya mikono. Hapa natumia mfuko na barakoa, yaani mfuko unaobonyezwa kwa mkono kusukuma hewa kupitia barakoa iliyofunika mdomo na pua ya mtoto, kwa kuwa mtoto asiyepumua anatakiwa awe ameanza kupewa hewa kabla dakika moja haijaisha tangu azaliwe.

Maandalizi

Chagua saa nane mchana, kliniki ya wajawazito ikiwa imepungua. Chukua wanafunzi wawili au watatu tu. Kama mdoli wenu wa mazoezi ni wa kujazwa maji, tia ya uvuguvugu, ashike uzito na joto la mtoto. Waonyeshe kuujaribu mfuko: ziba tundu la hewa kwa kiganja, bonyeza, usikie valvu ikifunguka na hewa ikitoka. Na uwaulize kwanza wamewahi kufanya nini.

Hatua ya 1: Fanya bila kusema neno

Kwa mwendo wako wa kawaida, kama ungefanya kwa mtoto wa kweli. Ulimi utakuwasha. Vumilia, waione kazi nzima mara moja.

Hatua ya 2: Rudia polepole ukieleza

Sema unachofanya na kwa nini, sehemu moja baada ya nyingine.

Hatua ya 3: Yeye aseme, wewe ufanye

Hii ndiyo tunayoiruka, kwa sababu foleni ni ndefu na tunaona tumeshaeleza. Nakusihi usiiruke. Mwanafunzi anakuamuru, nawe unafanya alichosema tu, bila kuongeza kitu. Akisahau kichwa, usikiweke sawa. Bonyeza mfuko, atazame kifua cha mdoli kisivyopanda. Ngoja. Usimdokezee hata kwa macho. Mara nyingi atanyamaza kidogo, kisha atasema mwenyewe: "Sista, kichwa. Kiinue kidogo, kama mtu anayenusa."

Mwache aseme kwa lugha anayoizoea. Wapo waliokulia makazini, wazazi wao wakitoka Kongo, na Kiswahili ndicho wanachofikiria nacho. Wengine ni Runyankore. Ukieleza kwa Kiingereza wataitikia tu ndiyo. Akikuamuru kwa lugha yake, ndipo utajua kilichoingia na kilichopita pembeni.

Hatua ya 4: Afanye akieleza

Sasa tazama vidole, usitazame uso. Dole gumba na cha shahada viko juu ya barakoa, vingine vinashika mfupa wa taya bila kukandamiza koo. Barakoa ifunike kidevu, mdomo na pua, isiguse macho. Ahesabu kwa sauti, "puliza, mbili, tatu, puliza, mbili, tatu", apate pumzi kama 40 kwa dakika. Kifua kisipopanda, aanze kurekebisha: barakoa, kichwa, ute mdomoni, mdomo uwe wazi kidogo, kisha ndipo abonyeze kwa nguvu zaidi.

Baada ya hapo

Muulize yeye kwanza ameonaje kazi yake. Kisha mpe jambo moja la kurekebisha, si saba, na mrudie hapo hapo. Mkiwa wodini, usimkaripie mbele ya mzazi. Mama akimsikia musawo, yaani mhudumu wa afya, akifoka, anaanza kuogopa kuzalia kituoni kwenu.

Siku ya mtoto wa kweli, simama ubavuni pake na mpatane neno mapema: nikisema "nipe", unaniachia bila kuuliza. Mdoli msimfungie kabatini. Awe chumba cha kujifungulia, na kila mnapokabidhiana zamu mfanye dakika tano, wewe mwenyewe ukiwemo, kwani mikono husahau haraka.

Nawe pia usimamiwe. Mwombe mkunga mwenzako akutazame ukifundisha na ahesabu mara ulizomkatiza mwanafunzi. Mara ya kwanza nilipohesabiwa ilikuwa 11 katika kikao kimoja, na iliniuma.

Kisha kuna kitabu cha mwanafunzi cha kutiwa sahihi. Kitakuja kwako Ijumaa jioni, gari la shule likinguruma nje, ukurasa wa kumpumulisha mtoto ukiwa mtupu. Usitie sahihi kwa huruma. Mwambie dereva asubiri, mlete mdoli, muanze hatua ya 4.