SOMO: Kuendesha baraza la jioni bila mwenyekiti, bila mfuko, bila katiba

Naandika hapa mara moja, kisha kila anayeuliza nimwelekeze huku. Maswali ni yale yale: mwenyekiti wenu ni nani, mnachanga ngapi, tupeni katiba yenu tuige. Mwenyekiti hayuko, hatuchangi, katiba haijaandikwa. Somo hili ni la baraza la wazi la mtaani hapa Lamu: kahawa, bao, dhumna (domino) na mazungumzo, watu 20 hadi 40, kila wiki. Anayetaka chama cha kukopeshana au kikundi cha kuombea ruzuku ana njia yake, na ni njia nzuri, ila siyo hii.

Baraza hukazwa kwa vitu viwili tu: siku na saa. Vingine vyote viachwe vilegee, na vilegezwe kwa makusudi.

HATUA YA 1: MAHALI
Tafuta daka, ule ukumbi wa mlangoni mwa nyumba, lenye kivuli cha jioni na baraza za kukalia pande zote mbili. Ruhusa iombwe kwa mwenye nyumba mwenyewe, si kwa mwanawe, na iombwe upya kila mwaka baada ya Idi. Vichochoro vyetu ni vyembamba, kwa hivyo acheni upana wa punda mwenye shogi zilizojaa mchanga na mtu wa kupishana naye. Kina mama wapite bila kulazimika kuomba njia. Jiko likae chini, kamwe lisipandishwe juu ya baraza: chokaa hupasuka kwa moto, na doa la kahawa halitoki.

HATUA YA 2: SIKU NA SAA
Jumatano, baada ya swala ya alasiri hadi adhana ya magharibi. Chagueni yenu, lakini msiipigie kura na msiihamishe. Ikigongana na Maulidi au harusi kubwa, ruka wiki hiyo. Ukishahamisha mara moja, kila wiki watu wataanza kuuliza "leo lipo?", na yule anayejibu swali hilo ndiye atakayekuwa mwenyekiti wenu bila ninyi kujua. Wavuvi watalalamika, maana wao hufuata maji, hawafuati kalenda. Waje maji yakiwaruhusu. Ramadhani funga mwezi mzima, urudi Jumatano ya kwanza baada ya Idi.

HATUA YA 3: VIFAA
Dele au birika la lita 4, jiko la makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono kama 40, mabeseni mawili ya kusuuzia, bao moja, dhumna seti mbili. Vigawanywe nyumba tatu tofauti. Mwenye dele akisafiri Mombasa, bado kuna bao. Mwenye bao akiugua, bado kuna kahawa. Jiko pekee liwe mawili, kwa sababu jiko huazimwa na halirudi.

HATUA YA 4: KAHAWA
Robo kilo ya kahawa iliyotwangwa kwa lita 4 za maji, na tangawizi vipande viwili vya ukubwa wa dole gumba, vipondwe. Ichemke kwa moto mdogo robo saa, iachwe itulie. Maji yawe matamu; maji ya kisima chenye chumvi yatakuharibia dele zima.

HATUA YA 5: KAZI
Ni nne: kuwasha moto, kupika kahawa, kusuuza vikombe, kufagia. Usiandike zamu. Wa kwanza kufika anawasha, wa mwisho kuondoka anafagia, na hizo mbili za katikati hazijawahi kukosa mtu palipo na watu 20. Zamu ikiandikwa, anayekosa siku yake anaona haya, na mwenye haya harudi.

HATUA YA 6: FEDHA
Hapa ndipo mabaraza huvunjikia, kwa hivyo soma polepole.

Gharama ya jioni moja ni kahawa, tangawizi, maji na mkebe mmoja wa makaa, ule wa kilo mbili. Basi. Weka kibakuli kitupu kando ya dele, na asisimame mtu wa kukitazama. Magharibi ikikaribia, yeyote aliyepo anakimimina, anahesabu kwa sauti mbele ya wawili, na pesa zinakwenda dukani usiku ule ule zikarudi zikiwa kahawa na makaa ya wiki ijayo. Zikizidi, nunua vikombe vya kufidia vilivyovunjika, au makaa zaidi. Usirundike kahawa ya unga, hupoteza harufu. Zikipungua, kahawa itakuwa nyepesi, au haitakuwepo, na baraza litakuwepo vile vile. Jumatano usiku salio liwe sufuri. Likibaki hata la shilingi hamsini, kuna mtu amelala nalo, na huyo keshakuwa mweka hazina. Mweka hazina huzaa mkaguzi, mkaguzi huzaa mkutano, na mkutano huzaa makundi mawili yasiyosalimiana.

Tahadhari ya kwanza: pesa zisipite kwenye M-Pesa ya mtu. Akiwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, linakatwa papo hapo pesa zinapoingia, hata kama yeye hakugusa simu. Atakuwa amekula pesa za watu bila kukusudia, na maelezo yake hakuna atakayeyaamini.

Tahadhari ya pili: mfadhili. Msimu wa siasa ukikaribia atakuja mheshimiwa na viti vya plastiki, fulana na bahasha. Shirika nalo litakuja na ruzuku. Shirika litataka cheti, akaunti ya benki, watia sahihi na kumbukumbu za vikao, nanyi mtachagua viongozi ili mzipate hizo pesa. Kanuni ni hii: pokea kinachoisha siku ile ile. Sukari, halwa, kahawa, karibu. Bahasha irudi na mwenyewe, kwa adabu. Viti navyo virudi, kwa sababu viti vinahitaji stoo, na stoo inahitaji ufunguo.

Tahadhari ya tatu ndiyo ngumu. Mmoja akifiwa au akiozesha, watu watataka kuchangisha kupitia baraza. Msikatae kusaidia, kataeni kukusanya. Tangazeni jina la jamaa anayepokea, kila mtu apeleke mwenyewe. Orodha ya waliotoa ikishabandikwa, tayari mna wanachama, na ambao majina yao hayamo wataacha kuja.

HATUA YA 7: KUNDI LA SIMU
WhatsApp yatosha. Admini wawe watatu au zaidi. Akiwa mmoja naye akatoka, programu huteua mwingine bila kuwauliza. Katika maelezo ya kundi andika siku, saa na mahali. Washa ujumbe wa kufutika baada ya siku 7, ili ugomvi wa mwezi uliopita usipate kufukuliwa. Usilifunge wakawa wanaoandika ni admini peke yao, litageuka ubao wa matangazo ya chifu. Na usitume ukumbusho wa kila wiki! Kimya maana yake baraza lipo. Ujumbe utumwe siku ambayo halipo.

HATUA YA 8: MGENI NA MKOROFI
Mgeni apewe kikombe kabla ya kuulizwa jina. Mkorofi asiondolewe kwenye kundi wala asiitiwe kikao. Wawili wanaomjua vizuri wakae kushoto na kulia kwake Jumatano mbili tatu. Akiendelea, mwenye nyumba ana haki ya daka lake na anaweza kusema mwenyewe.

MASWALI YA WASOMAJI

Mkaazi wa Langoni: Maashallah somo zuri. Kujiunga ni shilingi ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 6.

Kijana wa Wiyoni: Na mwenyekiti anachaguliwa baada ya muda gani?

Mwandishi: Soma kichwa cha somo.

Mzee wa Gadeni: Wahenga wamesema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hamuoni mnakwenda kombo?

Mwandishi: Ami, wahenga walisema manahodha wengi. Sisi hatuna hata mmoja, na daka haliendi popote. Lakini swali lako lina uzito. Pasipo na cheo, hujitokeza mkubwa asiyetajwa: mwenye dele, mwenye daka, au mwenye sauti. Huyo ni mbaya kuliko mwenyekiti, kwa sababu mwenyekiti hung'olewa na huyu hana pa kung'olewa. Kipimo ni chepesi. Akikosa Jumatano moja, moto unawaka? Usipowaka, mumeshampata. Dawa yake ni yeye mwenyewe akose kwa makusudi Jumatano moja kila miezi miwili, asiache maagizo, asipige simu kuuliza. Jioni hiyo kahawa itakuwa mbaya. Iacheni iwe mbaya.

Mwalimu mstaafu: Na akikataa kukosa?

Mwandishi: Anzeni kwa kuhamisha vifaa. Dele likikaa nyumba nyingine wiki sita, mazoea ya watu huhama nalo. Msimwambie ni kwa sababu yake. Mwambieni mwenziwe ana nafasi kubwa zaidi, na huenda ikawa kweli.

Mpita njia: Huu ni uvivu uliopambwa maneno. Kundi lisilo na malengo halifiki mbali.

Mwandishi: Halitaki kufika mbali, linataka kufika magharibi. Mwenye malengo afungue chama, Kenya haijakataza.

Mpita njia: Nimesema ukweli tu.

Mwandishi: Na mimi nimekujibu.

Dada wa Shela: Sisi kina mama tunataka letu, lakini darini, yaani ghorofani kwa mtu, si njiani. Wengi wanashona kofia. Utaratibu ni huu huu?

Mwandishi: Dada, yako inakuwa rahisi kidogo na ngumu kidogo. Rahisi kwa sababu kila mtu anakuja na kazi yake mkononi, hakuna wa kuburudishwa. Kofia ya kushona kwa mkono huchukua miezi, kwa hivyo sababu ya kurudi ipo daima. Ngumu kwa sababu dari ina mwenyewe, naye atajiona lazima apike. Muizuie hiyo siku ya kwanza kabisa: chai ya rangi peke yake, hakuna mahamri, hakuna viazi vya karai. Mmoja akileta sinia, wiki ijayo mwenziwe ataleta mbili, na mwezi wa tatu aliye na hali ndogo ataacha kuja. Mfanye dari mbili za kupokezana, kila moja miezi mitatu, ili nyumba ipumzike. Watoto waje, sindano na mikasi viwe kwenye mkebe wenye kifuniko. Na uzi na kitambaa kila mtu anunue vyake. Mkianza kuagiza kwa pamoja mumeingia Hatua ya 6 kwa mlango wa nyuma.

Dada wa Shela: Shukran sana. Na bei za kofia tukubaliane?

Mwandishi: Zungumzeni bei, kila mtu ajue wengine wameuza ngapi, hilo ni faida. Msipange bei moja. Kazi hazilingani, na wa kwanza kuuza chini ataitwa msaliti.

Mtu wa Malindi: Huku mji umetawanyika, watu wanakuja na tuktuk. Na masika je? Hatuna madaka kama yenu.

Mwandishi: Umbali ukiwa mkubwa, kaa karibu na stendi au msikiti ambapo watu wanapita hata bila baraza. Msikodi ukumbi, kodi ni mfuko. Chini ya mwembe panatosha miezi mingi. Aprili na Mei tafuteni kibaraza cha duka linalofungwa mapema, mwenye duka apewe uhakika wa kufagiliwa. Na maliza kabla ya giza, ili asiye na nauli arudi kwa miguu.

Mwanafunzi wa sheria: Swali la kweli: hamhitaji kusajiliwa? Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inataja watu 10 au zaidi.

Mwandishi: Swali zuri, na wengi hawaliulizi. Sheria hiyo inazungumzia klabu au umoja ulioundwa, na maneno yake ni mapana. Pia kuna Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022. Sisi ni watu wanaokunywa kahawa dakani: jina hatuna, daftari la wanachama hatuna, mali ya pamoja hatuna. Siku mtakapojipa jina, mkaanza kuandika wanachama au kuweka pesa, msijidanganye kwamba nyinyi bado ni baraza. Nendeni ofisi ya Maendeleo ya Jamii mjisajili, kisha muishi kama chama kwa raha zenu.

Mkaazi wa Langoni: Kwa hiyo fomu ya kujiunga naipata wapi?

Mwandishi: Njoo Jumatano.

Mpenzi wa bao: Komwe, zile kete za bao, zinapotea. Tulianza na 64, sasa hazitimii, watu wanajazia kokoto.

Mwandishi: Kokoto hukwangua mashimo, toa. Weka akiba ya komwe kama 10 kwenye kitambaa, kwa mtu asiyecheza. Mchezo ukianza kila mmoja ahesabu zake: 6 kwenye nyumba (shimo kuu), 2 na 2 pembeni, 22 mkononi za kunamua, yaani kuingiza moja moja. Ikipungua moja utaijua kabla ya kucheza, si katikati mukashikana mashati.

Mpenzi wa bao: Na za akiba nitazipata wapi?

Mwandishi: Mkomwe huota pwani, juu ya mstari wa maji makuu. Maganda yana miiba, tumia kijiti. Chagua za kijivu zilizokauka, ukubwa mmoja. Zitikise sikioni, zinazocheza ndani ni nyepesi na hurukaruka shimoni, waachie watoto.

Mzee wa Gadeni: Dhumna je? Yetu imebaki 27.

Mwandishi: Seti ni 28, Ami. Ikipungua moja imekufa. Nunua nyingine kwa pesa za kibakuli, na ya zamani usiitupe, itakuwa akiba ya kete. Ila zilinganishe migongo kwanza, rangi ikitofautiana hata kidogo tu vijana wa Langoni wataikariri.

Mkaazi wa Langoni: Sisi tumefanya nini tena?