Kusawazisha Gitaa la Umeme Lenye Daraja Linaloelea: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wapigaji wengi wanaonunua gitaa lenye daraja la Floyd Rose, yaani daraja la nyuzi linaloelea, hukata tamaa mara ya kwanza wanapobadilisha nyuzi. Daraja huzama mwilini au huinuka likaelekea shingoni, na kila uzi unaotuniwa huharibu sauti ya nyuzi zilizotangulia. Mara nyingi gitaa lenyewe ni zima kabisa. Tatizo ni kwamba kazi zimefanywa bila mpangilio, na mfumo huu hausamehe kazi iliyofanywa bila mpangilio. Mwongozo huu unafuata njia ninayoiamini kuliko nyingine zote: kulizuia daraja lisiende mbele wala nyuma, kumaliza marekebisho yote likiwa limetulia, kisha kuliachia lielee mwishoni.

Kwanza tuelewe kinacholishikilia. Stratocaster ya Leo Fender ya mwaka 1954 tayari ilikuwa na springi ndani ya tundu la mgongoni, lakini nyuzi zake ziliteleza kichwani na kwenye daraja kila mkono wa tremolo (fimbo ya kuyumbisha sauti) ulipotumiwa kwa nguvu. Mmarekani Floyd Rose, aliyepewa hataza mwaka 1979, aliutatua udhaifu huo kwa kuzibana nyuzi pande zote mbili, na Eddie Van Halen akawa miongoni mwa wapigaji wa mwanzo waliolitangaza daraja hilo duniani. Daraja lenyewe linaegemea nguzo mbili za chuma kwa makali membamba. Nyuzi zinalivuta kuelekea kichwani, springi zinavuta kitalu chake cha chuma upande wa pili, na hakuna kitu kingine kinacholizuia. Seti ya nyuzi za 9 hadi 42 (unene wa nyuzi kwa sehemu za elfu za inchi) kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 648 huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 38. Seti ya 10 hadi 46 hufika kilo 46 hivi. Mtu anayebadilisha seti moja kwa nyingine bila kugusa springi amekwisha kuuvunja mlingano kabla hajapiga noti hata moja.

Andaa spana za alen za milimita 3 na 2.5 (madaraja ya bei nafuu wakati mwingine hutumia vipimo vingine, hivyo jaribu kabla ya kukaza), bisibisi ya nyota, koleo ya kukatia, rula yenye milimita, kitambaa kinene, vipande vyembamba vya mbao au kadi ngumu, na kifaa cha kutunia. Programu ya simu inafaa, ingawa kifaa kinachobanwa kichwani husoma vizuri zaidi penye kelele.

Hatua ya 1: Amua nyuzi na tuni

Fanya uamuzi huu sasa na uushikilie. Ukitaka E ya kawaida kwa nyuzi za 9, springi tatu kwa kawaida zinatosha. Kwa nyuzi za 10 huenda ukahitaji ya nne. Kama bendi yako hushusha tuni nusu hatua kwa wimbo mmoja na kuirudisha kwa wimbo unaofuata, daraja hili halikufai kwa kazi hiyo, na ni heri kutumia gitaa lenye daraja lisilosogea.

Hatua ya 2: Badilisha nyuzi

Fungua kibanio cha mwanzoni mwa shingo na uviweke pembeni vibao vyake vitatu bila kuchanganya mpangilio wake. Kunja kitambaa na ukiingize chini ya mkia wa daraja, ili nyuzi zitakapolegea springi zisilivute likagonga mwili na kukwaruza rangi. Kisha legeza nyuzi zote na uzitoe.

Kila uzi mpya hukatwa kishikizo chake cha mwishoni. Kwa nyuzi nene, kata juu ya sehemu iliyosokotwa maradufu, kwa kuwa sehemu hiyo haikai sawasawa ndani ya kikalio (kiti cha uzi kwenye daraja) na uzi utachomoka. Ingiza ncha iliyokatwa kati ya kijitofali cha chuma na ukuta wa mbele wa kikalio, uhakikishe imefika chini kabisa, kisha ukaze skrubu ya nyuma. Ukifungua kikalio kwa mara ya kwanza baada ya miaka, kitazame kijitofali hicho kwa makini: kikiwa na mfereji uliochimbwa na uzi au ufa, kibadilishe, kwa sababu uzi ulioshikwa nusu utashuka sauti polepole na utamlaumu kila mtu isipokuwa hicho.

Hatua ya 3: Lizuie daraja

Fungua kifuniko cha mgongoni. Utaona springi zimefungwa kwenye bati linaloshikiliwa na skrubu mbili ndefu zilizoingia kwenye mbao upande wa shingo. Legeza skrubu hizo kwa mizunguko michache, kwa usawa, ili springi zishindwe na nyuzi. Sasa toa kitambaa, na unapoanza kukaza nyuzi ingiza vipande vya mbao au kadi kati ya kitalu cha chuma na ukuta wa tundu ulio mbali na shingo. Nyuzi zitakibana kitalu dhidi ya vipande hivyo. Ongeza au punguza kadi mpaka bamba la daraja, ukilitazama kwa ubavu likiwa usawa wa jicho, liwe sambamba na uso wa gitaa.

Tuni nyuzi zote mpaka sauti kamili. Utashangaa jinsi kazi inavyokuwa nyepesi: daraja likiwa limezuiwa, kukaza uzi wa A hakulegezi tena uzi wa D. Zinyooshe nyuzi kwa kuzivuta taratibu kwa vidole katikati ya urefu wake, tuni tena, rudia mpaka zisiposhuka.

Hatua ya 4: Shingo na kimo cha nyuzi

Bana E ya chini kwenye freti ya kwanza na kwenye freti inayokutana na mwili, kisha utazame nafasi iliyo kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Iwe milimita 0.2 hadi 0.3, yaani karatasi mbili au tatu za kawaida za kuchapia zipite bila kuusukuma uzi. Ikizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa robo mzunguko na usiongeze. Subiri, tuni, pima tena. Sisi tunaoishi pwani tunafahamu jinsi mbao zinavyobadilika unyevu unapopanda, hivyo kipimo hiki kirudiwe msimu unapogeuka.

Kwenye freti ya 12, anza na kimo cha milimita 1.5 kwa E ya juu na 2 kwa E ya chini, ukipima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Kimo hurekebishwa kwa nguzo mbili ambazo daraja linaegemea, na hapa nasisitiza: usizungushe nguzo nyuzi zikiwa zimekazwa. Makali yanasagwa dhidi ya chuma, na makali yaliyosagwa hayarudishi daraja mahali pake hata ukisawazisha springi namna gani. Legeza nyuzi kwanza, zungusha kidogo, kaza, pima. Inachukua muda, na muda huo ndio unaoliokoa daraja.

Hatua ya 5: Usahihi wa sauti shingoni

Piga hamoniki ya freti ya 12 (gusa uzi kidogo juu ya freti bila kuubana), kisha noti iliyobanwa hapohapo. Noti iliyobanwa ikiwa juu kuliko hamoniki, sogeza kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kabla ya kufungua skrubu ya kikalio, la sivyo kitarushwa mbele na mvutano na itabidi uanze upya. Fanya uzi mmoja baada ya mwingine. Kazi hii huwachosha watu kwenye daraja linaloelea kwa sababu kila kikalio kikisogea mlingano hubadilika. Kwako daraja bado limezuiwa.

Hatua ya 6: Liachie daraja

Hakikisha nyuzi zote ziko kwenye sauti kamili. Rudi mgongoni, kaza zile skrubu mbili za bati kwa robo mzunguko kila moja, ukibadilishana, huku ukijaribu kuvitikisa vipande ulivyoingiza. Vitakuwa vimebanwa, kisha vitaanza kulegea, na mwishowe vitatoka kwa kuvutwa na kidole bila nguvu. Simama hapo hapo. Springi sasa zinavuta sawasawa na nyuzi, daraja liko sambamba, na ukipima sauti utaona nyuzi zimesogea kidogo mno au hazikusogea kabisa.

Hatua ya 7: Funga kibanio

Weka skrubu ndogo za kutunia zilizo mkiani mwa daraja katikati ya safari yake, ili uwe na nafasi ya kupandisha na kushusha. Angalia kile kijiti cha chuma kilicho nyuma ya kibanio: kinapaswa kuzikandamiza nyuzi zilale bapa juu ya kibanio. Kikiwa juu mno, kukaza vibao kutapandisha sauti za nyuzi zote. Tuni kwa vigingi vya kichwani, rudisha vibao, vikaze vishike barabara bila kutumia nguvu za mkono wote, kisha malizia na skrubu ndogo.

Jaribu sasa. Sukuma mkono wa tremolo mpaka nyuzi zilegee, uachie, pima. Uvute juu, uachie, pima. Sauti ikirudi vilevile mara zote mbili, kazi imekamilika. Ikirudi juu upande mmoja na chini upande mwingine, kuna msuguano mahali makali yanapokutana na nguzo: pangusa kutu na chumvi, weka grisi kidogo sana, na kama haitoshi, kagua makali kwa kioo cha kukuzia.

Kabla hujafunga gitaa kwenye mfuko, pima nafasi iliyopo kati ya chini ya mkia wa daraja na mwili, ukate kipande cha mbao chenye unene huohuo na ukifunike kwa kitambaa chembamba. Uzi ukikatika katikati ya ibada au onyesho, springi hushinda, daraja huzama, na nyuzi tano zilizobaki hupanda sauti kwa pamoja. Kipande hicho kikiingizwa chini ya mkia kitazirudisha karibu na sauti zake, na unaweza kumaliza wimbo.