Somo: Kuhama bima ya gari bila kubaki wazi hata saa moja

Wakuu, kukata bima tunajua wote. Kuivunja ndiko kunakotutesa, na pesa zinapotea hapo.

Hatua ya 1. Toa hati yenyewe ya bima, siyo stika, usome kipengele cha kusitisha. Tazama unatakiwa kutoa notisi ya siku ngapi na marejesho yanahesabiwaje. Kampuni ikivunja yenyewe, kwa kawaida inarudisha kwa hesabu ya siku zilizobaki. Ukivunja wewe, nyingi hutumia viwango vya muda mfupi, yaani zinakukata zaidi ya hesabu ya siku ulizotumia, navyo ni vikali: ukiwa umetumia miezi 6, usitegemee nusu ya pesa yako. Na kama umeshalipwa fidia mwaka huo, mara nyingi hakuna kinachorudi. Ukiwa umebakiza mwezi mmoja tu, heri usubiri iishe.

Hatua ya 2. Pata mpya kwanza. Linganisha bima kubwa (ile inayolipia hata gari lako mwenyewe) na bima kubwa, kwa thamani ileile ya gari, na uulize ajali ikitokea utabeba kiasi gani mwenyewe. Ajali za nyuma zitaje zote. Ulichoficha ndicho kitakachokunyima fidia. Kampuni ya zamani iombe barua ya historia ya madai, kwani punguzo la miaka uliyokaa bila kudai laweza kuhama nawe.

Hatua ya 3. Panga saa, siyo tarehe tu. Mimi bima ya zamani iliisha saa 6 usiku. Mpya nilidhani inaanza palepale, kumbe iliandikwa saa 6 mchana. Asubuhi ile niliendesha gari na watoto nyuma, sina bima. Niligundua jioni niliposoma karatasi, mwili ukanisisimka.

Hatua ya 4. Vunja kwa maandishi: namba ya hati, namba ya gari, siku na saa ya kukoma, akaunti ya kurudishiwa. Kumwambia wakala kwa simu hakutoshi. Subiri uthibitisho, uutunze. Kuacha tu kulipa awamu siyo kuvunja: unaweza kudaiwa, na kampuni nyingine ikikuuliza kama umewahi kusitishiwa bima, jibu litakuwa ndiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, gari langu ni la mkopo. Naweza kuhama?
Unaweza, ila anza na benki. Imetajwa kwenye hati, hivyo pata ridhaa yao na uhakikishe hati mpya nayo inawataja.

Nimeuza gari jana, mnunuzi anaomba atumie bima yangu mpaka iishe. Nimkubalie?
Usimkubalie kienyeji, ndugu yangu. Kwa kawaida bima ni mkataba wako na kampuni, haiendi na ufunguo. Kampuni isipokubali kuihamisha, akigonga atajikuta hana mkataba na mtu. Wajulishe leo.

Bima mbili zikipishana wiki nzima nikapata ajali, nalipwa mara mbili?
Hapana. Bima hufidia hasara yako, haikupi faida. Zijulishe zote mbili, zitagawana mzigo. Kupishana siku moja kunatosha.

Nina madai hayajalipwa. Nikihama yanakufa?
Hayafi, dada. Ajali ilitokea bima ile ikiwa hai, kwa hiyo madai yanabaki kwa kampuni ile ile. Ila kabla hujaandika barua ya kuvunja, hakikisha yamesajiliwa na namba yake unayo mkononi.